Kutoka Awasi hadi Simbi Nyaima: siku moja kwenye ziwa lililozaliwa na mlipuko

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la kasoko lililoko magharibi mwa mji wa Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, mwendo mfupi tu kutoka maji ya Ghuba ya Winam. Maji yake ni ya kijani kizito, hayanyweki, na hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Kwa wakazi wa Awasi, mji wa njia panda kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kericho, hili ndilo ziwa la volkeno lililo karibu zaidi. Safari ya kwenda haifiki kilomita 100, na barabara ni ya lami karibu yote. Familia ikiondoka alfajiri itakuwa imerudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni.

Ukubwa wa ziwa hauvutii kwenye ramani. Eneo lake halifiki hata nusu ya kilomita mraba, na mtu mzima hulizunguka kwa miguu kwa chini ya saa moja. Hakuna simba, hakuna hoteli kubwa, hakuna mashua. Mgeni anayefika peke yake hupiga picha mbili tatu, akasoma kibao, kisha akaondoka akidhani ameliona. Utajiri wa Simbi umo katika maelezo yake: jinsi ardhi ilivyopasuka, kwa nini maji yana rangi ile, ndege wanafuata nini, wazee wanasimulia nini na wataalamu wamechimbua nini kwenye miteremko ya jirani. Kwa hiyo safari hii inahitaji mwongozaji kuliko safari nyingi za mbugani. Mbugani tembo hujionyesha mwenyewe, lakini hapa mtu asipofafanua, kilichopo hakionekani.

Kwa nini Simbi

Afrika Mashariki ina maziwa mengi ya milimani na ya kasoko, na mengi yake hayawezi kuendewa na kurudiwa siku moja kutoka uwanda wa Kano. Ziwa Michaelson, lililo katika bonde la Gorges kwenye Mlima Kenya, hufikiwa kwa siku kadhaa za kupanda na kulala kwenye baridi. Ziwa Chala liko mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa Taveta, na Ngosi liko kwenye milima ya Poroto karibu na Mbeya. Maziwa ya kasoko ya Kasenda, karibu na Fort Portal, yanahitaji kuvuka mpaka na kulala Uganda. Nakuru na Elementaita yanafikika kwa kupandia Kericho, ila saa nyingi za siku hiyo huishia garini. Simbi linabakia kuwa ziwa ambalo mkazi wa Awasi, Ahero, Muhoroni au Kisumu anaweza kulipa muda linalostahili bila kulala ugenini.

Mwongozaji na gari

Safari ya faragha maana yake ni gari moja kwa kundi moja, saa za kundi hilo na maswali ya kundi hilo. Inawafaa wazee wanaohitaji kupumzika mara kwa mara, wazazi wenye watoto na walimu wenye wanafunzi wachache. Gharama yake ina mafungu manne: gari na mafuta, malipo ya mwongozaji, chakula, na ada za maeneo yatakayotembelewa. Mafungu haya yatajwe moja moja kabla ya siku ya safari. Bei ya jumla isiyofafanuliwa ndiyo chanzo cha ubishi mwingi njiani, hasa pale mwongozaji wa pili anapohitajika kwenye Mlima Homa, ulio karibu na ziwa, au kijana wa kijijini anapoombwa kulinda gari.

Nchini Kenya, kampuni za safari na waongoza watalii hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Chama cha waongoza safari wa kitaalamu, KPSGA, huwatahini wanachama wake kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Cheti cha namna hiyo kinaonyesha kwamba mtu amesoma ndege, wanyama, sheria na huduma ya kwanza. Hata hivyo, mwongozaji aliyefuzu Nairobi huenda asijue njia za ng'ombe za Karachuonyo, eneo la Kendu Bay. Mpango ulio bora ni wa watu wawili: dereva mwenye leseni ya kubeba abiria, na mwenyeji wa Kendu Bay au Homa Hills anayeungana na kundi huko huko. Huyo wa pili ndiye anayejua boma la kupitia, mzee wa kusalimiwa kwanza, na mahali ambapo udongo huteleza baada ya mvua.

Maswali machache humtambulisha mwongozaji anayefaa. Aulizwe ziwa lilifanyikaje, heroe wapo mwezi huo au hawapo, na ni nani wa kuombwa ruhusa kabla ya kupanda mlima. Anayejibu bila kubabaika, na anayekiri kwamba ndege hawana ratiba, anaaminika kuliko anayeahidi kila kitu.

Hadithi inaanzia Awasi

Mwongozaji mzuri huanza kazi kabla gari halijaondoka, kwa sababu ziwa la Simbi haliwezi kuelezwa pasipo uwanda wa Kano. Awasi iko kwenye sakafu ya bonde la ufa la Nyanza, tawi la Bonde Kuu la Ufa linaloelekea magharibi hadi Ghuba ya Winam. Akisimama kando ya barabara asubuhi isiyo na ukungu, msafiri huona genge la Nandi upande wa kaskazini na kuta za Nyabondo upande wa kusini. Kuta hizo mbili ni kingo za ardhi iliyopasuka, na uwanda ulio katikati ndio sehemu iliyodidimia.

Mashariki, nyuma ya ukanda wa miwa wa Chemelil na Muhoroni, umekaa mlima Tinderet, volkeno ya kale iliyozimika. Chokaa inayochimbwa Koru, kwenye miteremko yake, imetokana na kabonatiti, aina adimu ya mwamba wa volkeno uliojaa kaboneti. Duniani kote ni volkeno moja tu inayotapika lava ya namna hiyo hadi leo, nayo ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Kabonatiti ya Koru ina ndugu yake upande wa pili wa ghuba, katika Mlima Homa. Mwongozaji akiisha kueleza hayo, abiria huelewa kwamba wanasafiri kutoka volkeno moja kuelekea nyingine, ndani ya ufa ule ule.

Kutoka Awasi barabara inateremka hadi Ahero, mahali mto Nyando unapopita ukitoka nyanda za juu za Nandi na Tinderet. Mto huo umebeba udongo kwa maelfu ya miaka na kuutandaza Kano. Ndiyo maana uwanda una rutuba, na ndiyo maana nyumba za watu hufurika karibu kila masika makubwa. Mashamba ya mpunga ya Ahero, mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1960, ni kituo cha kwanza cha kutazama ndege: yangeyange, kwarara na korongo huwafuata wakulima wanaolima matopeni.

Kutoka Ahero gari linashika barabara ya Kisii hadi Katito, kisha linaingia kulia kuelekea Kendu Bay. Hapa genge la Nyakach liko karibu, na barabara inauvuka mto Sondu Miriu. Sehemu ya maji ya mto huo hupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6 na kuangushwa kwenye mitambo ya kuzalisha megawati 60 za umeme. Mteremko ule ule unaotazamwa kwa uzuri wake ndio unaoendesha mitambo, kwa kuwa maji yanapata kimo cha kuanguka. Baada ya hapo ghuba inaanza kuonekana upande wa kulia, na Mlima Homa unainuka mbele, mweusi na wenye vilele vingi.

Ziwani

Simbi lilitokea pale mawe yaliyoyeyuka yalipopanda kutoka chini na kukutana na maji yaliyokuwa ardhini. Maji yaligeuka mvuke kwa ghafla, mvuke ukapasua mwamba, na vipande vikarushwa juu na kuanguka kandokando. Shimo lililobaki likajaa maji, na vipande vile vikawa ukingo unaolizunguka ziwa. Hakukuwa na mlima mrefu wenye ziwa kileleni. Ndiyo sababu msafiri haoni chochote hadi afike kwenye ukingo wenyewe, ambapo ardhi inakatika ghafla na duara la kijani linatokea chini yake. Kina cha ziwa kinafikia takriban mita 23, kiasi kikubwa kwa ziwa dogo namna hiyo.

Kwa kuwa hakuna mto unaotoka, kila chumvi inayoingia kwa mvua na kwa maji ya ardhini hubaki humo jua linapoyavukiza maji. Miaka mingi ya mvukizo imeligeuza Simbi kuwa ziwa la magadi. Maji yamejipanga kwa matabaka: ya juu ni mepesi na yana hewa, ya chini ni mazito, yana chumvi nyingi na hayana oksijeni. Matabaka hayo hayachanganyiki kwa urahisi, kwa sababu kasoko ni lenye kina na kingo zake hulikinga dhidi ya upepo.

Rangi ya kijani inatokana na spirulina, viumbe vidogo sana vinavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na kustawi penye magadi. Mwaka 1979 mwanasayansi John Melack alichapisha utafiti kuhusu ustawi wa spirulina katika Simbi, na kasi aliyoipima ilikuwa miongoni mwa kasi kubwa zilizowahi kurekodiwa katika maji ya asili. Kwa lugha ya mkulima, kidimbwi hiki kinachodhaniwa kuwa kimekufa hutoa mavuno kuliko mashamba mengi.

Wavunaji wa shamba hilo ni heroe wadogo. Midomo yao imeumbwa kuchuja spirulina kutoka majini, na idadi yao Simbi hupanda na kushuka kulingana na hali ya chakula hapa na kwingineko. Katika Afrika Mashariki heroe hawa huzaliana Ziwa Natron, Tanzania, kisha hutawanyika kwenye maziwa ya magadi. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa mengi ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Nakuru lilipopanuka, magadi yake yalipungua nguvu, na ndege wakalazimika kutafuta malisho mengine. Katika hali hiyo kila ziwa dogo la magadi lina thamani, na Simbi, lililotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000 na kuwekwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, ni mojawapo.

Ndege hutazamwa vizuri asubuhi, kabla ya saa nne, jua likiwa bado chini na upepo wa ghuba haujaanza. Kundi litembee kwenye ukingo wa juu, si kwenye tope la chini. Heroe wakishtuka huruka wote kwa pamoja, na kila kuruka kusiko na sababu hupoteza nguvu walizozitafutia chakula kwa saa nyingi. Kurusha mawe ili kupata picha ya mbawa nyekundu ni ukatili, na mwongozaji anayeheshimu kazi yake hukataa hata akiombwa na anayemlipa.

Kijiji kilichozama

Wenyeji wana maelezo yao ya chanzo cha ziwa, na mwongozaji anayeyaruka huwanyima wageni nusu ya safari. Inasimuliwa kwamba palikuwa na kijiji kikubwa. Usiku mmoja watu wakiwa kwenye sherehe ya pombe, alifika bibi kizee, mchovu na mwenye nguo chakavu, akaomba chakula na mahali pa kujilaza. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, akampeleka nyumbani kwake, akampa maji ya kuoga na chakula. Bibi yule akamwonya aondoke kijijini usiku ule ule. Mwanamke akatii, na nyuma yake maji yakapanda yakakimeza kijiji pamoja na waliokuwa wakinywa.

Simulizi ina matoleo mengi. Katika baadhi yake mume anaokoka, katika mengine anakataa kuacha mtungi wa pombe. Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyefanya kazi Kisumu na kukusanya fasihi simulizi ya Wajaluo, aliiandika kwa Kijaluo miaka ya 1980, na kwa njia hiyo ikaingia madarasani. Funzo lake ni zito katika jamii inayomhukumu mtu kwa namna anavyompokea mgeni: mlango uliofungwa usoni mwa mnyonge ni hatari kwa aliyeufunga.

Watu wa mbali wamefikia wazo kama hilo. Nchini Ufaransa, katika milima ya Auvergne, kuna Ziwa Pavin, ziwa la kasoko la mviringo lenye kina cha mita 92, ambalo nalo matabaka yake ya maji hayachanganyiki. Wenyeji wa huko husimulia kwamba mji wa kale wa Besse ulizama humo kwa sababu ya dhambi za watu wake. Ziwa la duara kamili na lenye kina hudai maelezo popote lilipo, na mara nyingi binadamu hujibu kwa kujichunguza mwenendo.

Mlima Homa na mawe ya kale

Mchana unaweza kutumiwa kwa namna mbili. Wenye nguvu hupanda Mlima Homa, ambao kilele chake kina mita 1,751 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 600 juu ya maji ya ghuba. Upandaji unataka viatu vinavyoshika, kofia, maji ya kutosha na mwenyeji wa kuongoza, kwa kuwa njia ni za mifugo na hugawanyika mara nyingi. Anayetaka kufika kileleni aanze na mlima mapema, ziwa alitazame alasiri, maana jua la saa saba kwenye miteremko isiyo na miti huwaangusha hata vijana. Wasiopanda hutembelea chemchemi za maji moto za Abundu, ambako joto lililobaki chini ya volkeno bado huchemsha maji.

Miteremko ya mlima huo ina hazina nyingine. Mwaka 1932 Louis Leakey alitangaza taya la binadamu kutoka Kanam na vipande vya mafuvu kutoka Kanjera, akidai ni vya kale mno. Mtaalamu wa miamba Percy Boswell alipokuja kuhakiki mwaka 1935, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa vilipotoka. Vyuma alivyokuwa amevichomeka kama alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha za mahali penyewe hazikumsaidia. Sifa yake ikatikiswa kwa miaka. Tukio hilo ni fundisho kwa yeyote anayeongoza watu: kulijua jambo hakutoshi usipoweza kumfikisha mwenzako palipo ushahidi wake.

Utafiti wa baadaye umeirudishia rasi ya Homa heshima yake. Kanjera Kusini zimepatikana zana za mawe za takriban miaka milioni 2, baadhi zikiwa za miamba iliyobebwa zaidi ya kilomita 10. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Thomas Plummer walitangaza ugunduzi wa Nyayanga: zana za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Hakuna anayeruhusiwa kuokota jiwe wala kisukuku. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda, na kitu kilichotolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Chakula, afya na kurudi

Chakula cha mchana hupatikana Kendu Bay, kwenye vibanda na mikahawa ya samaki. Ngege wa kukaanga au wa mchuzi, ugali, na mboga za kienyeji kama osuga na dek ndicho chakula cha ghuba. Agizo lipigwe kwa simu asubuhi, kwani samaki mzuri huisha mapema. Mji wenyewe unastahili matembezi mafupi. Ulikuwa bandari ya meli za ziwani na makazi ya wafanyabiashara Wahindi na Waislamu. Karibu yake, huko Gendia, ndiko misheni ya Waadventista ilikoanzishwa mwaka 1906 na Arthur Carscallen, Mkanada, akiwa na Peter Nyambo kutoka Malawi ya leo.

Malaria na kichocho vipo mwambaoni. Dawa ya kufukuza mbu inafaa kwa wanaokawia hadi jioni, na watoto wasiachwe kuchezea maji ya ghuba penye magugu na konokono. Maji ya Simbi yenyewe hayafai kunywewa wala kuogelewa: magadi huwasha macho na ngozi, na kingo hudidimia kwa ghafla. Masika ya Machi hadi Mei huleta mafuriko Kano na utelezi mlimani. Januari, Februari na miezi ya Juni hadi Septemba ni tulivu zaidi.

Gari liondoke Kendu Bay saa kumi au kumi na moja jioni, ili Katito na Ahero zipitwe kabla ya giza, wakati boda boda, mifugo na malori ya miwa vinapogombania barabara moja. Malipo ya mwenyeji wa Kendu Bay yakamilishwe pale pale, mkononi au kwa M-Pesa, badala ya kuachiwa kampuni ya mjini iyatume baadaye. Ziwa halina lango kubwa la kukusanya ada, wala hoteli ya kuajiri vijana. Fedha inayoachwa kwa mtu anayelijua ndiyo faida iliyo wazi zaidi ambayo jirani wa Simbi anaipata kwa kulilinda, na kijana anayeona maarifa ya wazee wake yakilipiwa ana sababu ya kujifunza mengine.